Kujifundisha gitaa nyumbani: kodi tatu na mkono usiosimama

Gitaa langu la kwanza lilidumu siku nne. Nililinunua la mtumba, mkononi mwa mtu, nyuzi zake za nailoni zimechoka hadi zimepauka. Nikaona nilipendezeshe: nikanunua seti ya nyuzi za chuma, zinang'aa, nikazifunga jioni na kuzikaza mpaka zikalia vizuri, nikaliegemeza ukutani, nikalala. Usiku wa manane nikasikia mlio kama bati limepigwa jiwe. Kulipokucha nikakuta daraja limebanduka na kipande cha ubao, nyuzi zote sita zimejikunja hewani kama mtego wa panya uliofyatuka. Selemala wa mtaani aliligeuza, akalitazama, akacheka. "Mdogo wangu," akasema, "hili umelinyonga."

Sikuwa na wa kuniambia. Ndiyo maana nimeandika haya, kwa ajili ya mtu aliye peke yake na gitaa, chumbani, na hana mwalimu.

Jambo moja nitalirudia mpaka ulichoke. Watu wengi ninaowajua walioacha gitaa hawakuacha kwa sababu ya maumivu ya vidole. Waliacha wakiwa wanajua kodi kumi na mbili, lakini hawawezi kupiga wimbo mmoja hadi mwisho. (Kodi hapa ni zile sauti kadhaa zinazolia pamoja, ya nyumba iache kwa mwenye nyumba.) Kila wakifika mahali pa kubadilisha, muziki unakatika, wanainamia vidole, wanavipanga kimoja kimoja, halafu wanaanza upya. Kwa hiyo hapa tutajifunza kodi chache sana na tutakaa muda mrefu kwenye ile njia panda kati ya kodi moja na nyingine.

Hatua ya 1: Pata gitaa linalopigika

Kuna gitaa kavu la nyuzi za nailoni, gitaa kavu la nyuzi za chuma, na gitaa la umeme. La umeme lina nyuzi laini lakini linadai spika yake na umeme usiokatika, basi kwa kuanzia nakushauri gitaa kavu. Kati ya hayo mawili, la nailoni ni laini kwa vidole ila shingo yake ni pana, karibu sentimita 5 pale juu. La chuma lina shingo nyembamba, kama sentimita 4.3, na sauti yake inasikika vizuri zaidi ukiwa unasindikiza waimbaji. Yote mawili yanafaa. Usichanganye nyuzi zake tu.

Utayatofautishaje? Tazama daraja, kile kipande cha mbao kilichogundishwa kifuani ambako nyuzi huishia. Kwenye gitaa la nailoni nyuzi hufungwa fundo hapo, kama mtu anavyofunga kamba ya mbuzi. Kwenye la chuma nyuzi huingia kwenye matundu na kushikiliwa na vipini vidogo vyeupe au vyeusi. Nyuzi za chuma za kawaida huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 zote kwa pamoja. Za nailoni takriban kilo 40. Huo ndio mzigo niliolibebesha gitaa langu usiku ule.

Kabla ya kulipa, iwe ni dukani Kariakoo au kwa mtu anayehama nyumba, fanya ukaguzi huu. Hesabu freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) hadi ya 12, kisha pima urefu kutoka kwenye chuma hicho hadi kwenye uzi mnene. Kipimo unacho mfukoni: kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.8. Kwenye gitaa la chuma, kadi 3 zilizobebana zikipita kwa kugusa, gitaa ni zuri. Zikipita 5 bila kugusa kitu, nyuzi ziko juu mno, na utatoka jasho bila kujua kwamba kosa si lako. La nailoni huwa juu kidogo, kwa hiyo lisamehe kadi moja zaidi.

Halafu bonyeza kila uzi kwenye kila freti, mmoja baada ya mwingine, muuzaji akinuna akae hivyo hivyo. Sikiliza panapovuma kama nyuki kwenye chupa. Mwisho funga jicho moja, tazama shingo kwa urefu kutoka kichwani kama fundi anavyokagua mbao. Ikiwa imepinda kama upinde, mrudishie.

Hatua ya 2: Lityuni kila unapoliinua

Kutyuni ni kuzungusha vifunguo vya kichwani, vinavyokaza na kulegeza nyuzi, mpaka kila uzi utoe sauti yake. Nyuzi huhesabiwa kutoka chini: mwembamba kabisa ni wa 1, mnene kabisa ni wa 6. Ukianzia mnene kwenda mwembamba, sauti zake ni E, A, D, G, B, E. Mimi nilizikariri hivi: *Ee Ali Dereva, Gari Bovu Endesha.*

Pakua programu ya kutyuni kwenye simu. Za bure zipo nyingi na zinatosha. Piga uzi mmoja, subiri mshale utulie katikati. Tahadhari moja: programu inakuonyesha herufi, lakini haikuulizi umeshika kifunguo cha uzi gani. Wengi hupiga uzi wa 2 huku wanazungusha kifunguo cha uzi wa 3, wanashangaa mshale hausogei, wanazidi kukaza, na mwisho uzi unawakatikia usoni. Fuata uzi kwa kidole hadi kwenye kifunguo chake kabla ya kuzungusha.

Simu ikiisha chaji, tumia masikio. Bonyeza uzi wa 6 freti ya 5, utasikia sauti ambayo uzi wa 5 ukiwa wazi unapaswa kuitoa. Uzi wa 5 freti ya 5 unakupa wa 4. Uzi wa 4 freti ya 5 unakupa wa 3. Hapo pana kona: uzi wa 3 unabonyezwa freti ya 4 kukupa wa 2. Kisha uzi wa 2 freti ya 5 unakupa wa 1. Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana utasikia mawimbi, wau-wau-wau. Yakipungua kasi mpaka yakatulia, umefika. Jifunze njia hii hata kama una simu nzuri. Sikio lililozoea kutyuni ndilo litakalokuja kukuambia wimbo unahamia kodi gani.

Nyuzi mpya zitalegea siku mbili tatu za mwanzo. Hazina ubovu, zinanyooka tu.

Hatua ya 3: Kaa vizuri

Kiti kisicho na mikono. Gitaa juu ya paja la kulia, mgongo wake kifuani mwako, shingo imeinuka kidogo. Dole gumba la kushoto liwe nyuma ya shingo, kiganja kisiikumbatie kama unakamata kuku. Usililaze gitaa mapajani ili uone vidole. Wote tunafanya hivyo, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipia. Ukiwa mashoto, jaribu kwanza kama mtu wa kulia kwa wiki mbili, maana magitaa ya mashoto ni adimu madukani. Ukiona mkono unakataa kabisa, geuza gitaa na ubadilishe mpangilio wa nyuzi.

Hatua ya 4: Kodi nne, na ya nne ni ya zawadi

Vidole vya mkono wa kushoto: cha shahada ni 1, cha kati ni 2, cha pete ni 3, kidogo ni 4. Nikisema "freti ya 2" nina maana ya kubonyeza nafasi iliyo kabla tu ya chuma cha pili, karibu nacho sana lakini si juu yake.

G: kidole cha 3 uzi wa 6 freti ya 3, cha 2 uzi wa 5 freti ya 2, cha 4 uzi wa 1 freti ya 3. Piga nyuzi zote. Utaona watu wengi wanaishika kwa vidole 1, 2 na 3. Waache. Sababu utaiona hatua inayofuata.

C: kidole cha 3 uzi wa 5 freti ya 3, cha 2 uzi wa 4 freti ya 2, cha 1 uzi wa 2 freti ya 1. Anzia kupiga uzi wa 5.

D: kidole cha 1 uzi wa 3 freti ya 2, cha 2 uzi wa 1 freti ya 2, cha 3 uzi wa 2 freti ya 3. Anzia uzi wa 4.

Em, yaani E maina, ndiyo ya zawadi: kidole cha 2 uzi wa 5 freti ya 2, cha 3 uzi wa 4 freti ya 2. Piga nyuzi zote. Mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Ukishashika kodi, usikimbilie kuicharaza. Dokoa uzi mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini. Kuna mmoja utakuwa bubu. Mara nyingi ni kwa sababu kidole cha jirani kimelala juu yake: kisimamishe kwa ncha, kama unabonyeza kengele. Au kidole kiko mbali na chuma cha freti: kisogeze mbele. Kucha za mkono wa kushoto zikate fupi kabisa, la sivyo hata usimamishe vipi hautalia.

Hatua ya 5: Njia panda

Hapa ndipo pa kukaa.

Shika C. Tazama kidole cha 2 na cha 3: kiko kimoja uzi wa 4, kingine uzi wa 5, vimekaa mshazari. Sasa vipandishe vyote viwili, kwa umbo lile lile, uzi mmoja kuelekea kwenye mnene. Cha 2 kimetua uzi wa 5, cha 3 uzi wa 6. Ongeza kidole cha 4 kwenye uzi wa 1, inua cha 1. Unashika G. Hukupanga vidole vitatu upya. Umehamisha jozi moja. Ndiyo maana nilikukataza ile G nyingine.

Kutoka G kwenda Em ni rahisi zaidi: kidole cha 2 hakiondoki kabisa, kipo uzi wa 5 freti ya 2 katika kodi zote mbili. Kiache pale kama nguzo, cha 3 kiruke kutoka uzi wa 6 hadi wa 4, cha 4 kinyanyuke.

D ndiyo yenye inda. Kutoka G kwenda D hakuna kidole kinachobaki. Dawa yake ni kuteua kiongozi. Mimi namtuma kidole cha 3 atue kwanza uzi wa 2 freti ya 3, wengine wawili wanakuja kumzunguka. Mwanzoni watachelewa. Baada ya siku kadhaa watakuwa wanatua pamoja, na hutakumbuka lini ilitokea.

Zoezi: weka saa ya simu dakika 1. Badilisha G–C–G–C, ukipiga mara moja tu kwenye kila kodi, na uhesabu umebadilisha mara ngapi. Andika namba kwenye karatasi, ibandike ukutani. Siku ya kwanza utapata 8 au 10 na utajiona bwege. Ukifika 30 unaweza kupiga wimbo wa polepole. Ukifika 60 umevuka. Fanya hivyo kwa G–Em, C–D na G–D. Dakika moja kila jozi, mchezo mzima ni dakika nne. Sijapata kuona zoezi linalolipa kama hili, na sijapata kuona linalokimbiwa kama hili, kwa sababu halina muziki ndani yake.

Ukishaizoea jozi, fumba macho. Vidole vina kumbukumbu yake, lakini haijengeki ukiwa unavisimamia kwa macho kila wakati.

Hatua ya 6: Mkono usiosimama

Katika bendi za dansi magitaa hugawana kazi: kuna solo, kuna rizimu (linaloshikilia mdundo kwa kodi), kuna besi. Kila anayeanza anataka solo. Anamsikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, anatafuta zile nota za juu moja moja. Ni tamaa nzuri, lakini anza na rizimu. Mtu wa rizimu akisimama, wacheza dansi wote wanasimama.

Umewahi kumtazama mtu anayepepea jiko la mkaa? Mkono wake unakwenda na kurudi kutoka kwenye kifundo, haukazi bega, na hausimami eti kwa sababu makaa hayajashika. Mkono wako wa kulia uwe hivyo hivyo. Shika piki (kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia nyuzi) kwa dole gumba na kidole cha shahada, ncha yake tu ikitokeza, au kama huna tumia dole gumba lenyewe. Shusha, pandisha, shusha, pandisha, huku ukihesabu kwa sauti: *moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na.* Kwenye namba mkono unashuka, kwenye "na" unapanda. Daima. Hata usipogusa nyuzi.

Siri ya midundo karibu yote ipo hapo: mkono haubadiliki, kinachobadilika ni safari ipi inagusa nyuzi na ipi inapita hewani. Jaribu huu:

Moja: chini.
Mbili: chini. Na: juu.
Tatu: mkono unashuka hewani. Na: juu.
Nne: chini. Na: juu.

Ile "tatu" ya hewani ndiyo inayowashinda watu. Mkono unataka kusimama uingoje "na". Usiuruhusu. Ziba nyuzi kwa mkono wa kushoto, zisitoe sauti yoyote ila *chk-chk*, upige mdundo huu dakika tano mfululizo ukiwa huna kodi ya kufikiria. Jirani atadhani unakuna nazi. Sawa tu. Kisha shika Em peke yake, uupige. Kisha tu ndipo uanze kubadilisha.

Na sasa sheria ngumu kuliko zote katika mwongozo huu: unapobadilisha kodi, mkono wa kulia hausubiri wa kushoto. Kama vidole vimechelewa, piga nyuzi zilizo wazi, piga kodi nusu, piga makosa, lakini mkono usisimame. Msikilizaji husamehe nota mbovu bila hata kuiona. Mdundo ukikatika anageuza shingo.

Nyimbo nyingi za pwani na mapambio mengi yanakwenda kwa sita: *moja-mbili-tatu-nne-tano-sita,* uzito ukiwa kwenye moja na nne. Shusha mkono mara sita, ukiziwekea nguvu hizo mbili. Hayo mengine utayaokota njiani.

Hatua ya 7: Wimbo mmoja, hadi mwisho

Chagua pambio au wimbo wa utotoni unaoujua kiasi kwamba ukiamshwa usingizini unauimba. Usichague wimbo unaoupenda wenye kodi saba. Nyimbo za kodi tatu ni nyingi mno, na hata sebene nyingi za Kikongo zinazunguka kwenye tatu hizi hizi.

Kama umeimba kwaya, una mtaji ambao huujui. Zile solfa ulizofundishwa ndizo ramani ya kodi. Fanya G kuwa *do*. Basi kodi ya G ina sauti za *do, mi, so*. Kodi ya C ina *fa, la, do*. Kodi ya D ina *so, ti, re*. Na Em ni *la, do, mi*. Ndiyo kusema, wimbo ukitua na kukaa kwenye *mi*, piga G. Ukikaa kwenye *la* au *fa*, jaribu C. Ukikaa kwenye *ti* au *re*, ni D. Ukiiacha Em kando, *do* na *so* zina nyumba mbili mbili. Hapo sikio litaamua, na likikosea utasikia papo hapo, kama chumvi kwenye chai.

Kuipata *do* ya wimbo, imba ubeti hadi mwisho. Sauti ya mwisho kabisa, pale wimbo unapotulia, karibu kila mara ndiyo *do*. Ishikilie kwa mdomo huku ukiitafuta kwenye uzi wa 6: wazi ni E, freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C.

Ukikuta *do* yako ni A, usianze kujifunza kodi mpya. Funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) freti ya 2, upige maumbo ya G, C na D kama kawaida. Kapo freti ya 1 inakupa A flati, freti ya 3 inakupa B flati, na kwaya zinazipenda sana hizo. Huna kapo? Chukua penseli, ilaze juu ya nyuzi nyuma tu ya chuma cha freti, uifunge kwa nguvu na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Inashika vizuri mpaka penseli ikatike.

Piga wimbo huo mmoja, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kurudi nyuma ukikosea. Piga kwa wiki mbili. Watu wa nyumbani watakuomba wimbo mwingine kabla wewe hujajiona uko tayari, na hapo ndipo uongeze wa pili.

Vidole, muda, na ile F

Ncha za vidole zitauma wiki mbili hadi nne, kisha zitaota sugu. Dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi, kwa vidole na kwa kumbukumbu. Usipige mara baada ya kufua au kuosha vyombo. Ngozi imelainika na uzi wa chuma utaichana. Maumivu ya ncha ni ya kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono au kiwiko si ya kawaida: acha, pumzika, na ukague unavyokaa.

Utakutana na F. Inadai kidole cha 1 kilale juu ya nyuzi zote sita, na imewarudisha nyumbani watu wengi. Anza na ndogo yake: kidole cha 1 uzi wa 2 freti ya 1, cha 2 uzi wa 3 freti ya 2, cha 3 uzi wa 4 freti ya 3, uzi wa 1 uache wazi, wa 5 na wa 6 usiwaguse. Si F kamili, ina utamu wake wa pembeni, lakini katika wimbo inapita. Ile kubwa itakuja yenyewe mkono ukipata nguvu.

Ukikaa pwani, chumvi ya hewani inakula nyuzi za chuma. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, juu na chini yake. Na gitaa usiliache ndani ya gari juani. Gundi ya daraja inalainika.

Ukishachoka kucharaza

Kuna njia nyingine ya mkono wa kulia ambayo ni yetu kabisa. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, kusini mwa Kongo, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, alikuwa akipiga kwa vidole viwili tu, dole gumba na cha shahada, na ukimsikiliza utaapa ni watu wawili. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, cha shahada kinajibu kwenye nyembamba.

Shika C. Kwenye "moja" gumba lipige uzi wa 5. "Na", shahada uzi wa 2. "Mbili", gumba uzi wa 4. "Na", shahada uzi wa 3. Rudia. Ukihamia G, gumba lianzie uzi wa 6 badala ya wa 5, mengine yabaki. Fanya polepole kiasi cha kuchosha, mpaka gumba litembee peke yake huku unaongea na mtu. Usipoweza kusema "karibu" kwa mgeni anayeingia bila gumba kujikwaa, bado.

Kupiga na wengine

Usisubiri uwe fundi. Wiki ya sita au ya nane, tafuta mtu anayeimba, au kajikunyate nyuma ya mpiga kinanda wa kwaya, umuulize tu: "*Do* iko wapi?" Akikujibu G, au kitu ambacho kapo yako inakifikia, ingia.

Utapotea. Wimbo utahamia mahali usipopajua, na vidole vitaganda. Hapo legeza mkono wa kushoto bila kuuondoa kwenye nyuzi, ili ziwe bubu, na mkono wa kulia uendelee na ile *chk-chk* yake kwenye mdundo. Waimbaji watadhani ni mbwembwe zako. Sikiliza wimbo ukirudi nyumbani kwenye *do*. Ukirudi, bonyeza G, na uendelee kana kwamba hukuwahi kutoka.